Japani haina kakao, lakini ina chokoleti yake

Kila mwaka, wiki chache kabla ya Februari 14, rafu za maduka ya Japani hubadilika. Penye biskuti na peremende hupangwa mirundo ya chokoleti za kawaida za bapa, karatasi za kuokea, unga wa chai ya kijani, ufuta na vifuko vya zawadi. Wanunuzi wengi ni wasichana wa shule. Wakifika nyumbani huikatakata chokoleti kwa kisu, huiyeyusha juu ya mvuke wa maji moto, huimwaga kwenye trei na kuinyunyizia viungo juu. Kesho yake huivunja vipande na kuwagawia marafiki darasani. Wajapani huita kazi hiyo tezukuri, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mkono.

Miongoni mwa chokoleti zinazotengenezwa hivyo, rahisi kuliko zote ni ile ambayo Waingereza na Wamarekani wameipa jina la gome la mti. Hutandazwa nyembamba, uso wake huwa na vinundu kama gome, na huvunjwa kwa mkono bila mpangilio. Haihitaji mashine wala tanuri. Sufuria, bakuli, mwiko na subira vinatosha.

Kwa msomaji wa Bundibugyo, Beni au Kyela, habari hii ina uzito wa pekee. Yeye anaishi katikati ya mikakao, lakini chokoleti dukani kwake, ikipatikana, imetoka mbali na ni ya ghali. Mjapani hana shamba la kakao, ukiacha mikakao michache, kama ile iliyopandwa katika visiwa vya Ogasawara, kusini mwa Tokyo. Hata hivyo Japani imejenga utamaduni wa chokoleti unaojulikana dunia nzima. Siri yake ni kwamba ilichukua kitu cha kigeni ikakitia ladha za nyumbani.

Safari ya miaka mia moja

Kampuni ya Morinaga ilianza kutengeneza chokoleti kuanzia mbegu ya kakao, ndani ya Japani, mwaka 1918. Meiji ilifuata na chokoleti yake ya maziwa mwaka 1926. Vita Kuu ya Pili ilikatiza biashara hiyo, na watoto wengi wa Kijapani walionja chokoleti kwa mara ya kwanza kutoka mikononi mwa askari wa Marekani walioikalia nchi yao baada ya vita.

Desturi ya Februari 14 nayo haikushika mara moja. Mwaka 1958 kampuni ya Mary Chocolate ilijaribu kuuza chokoleti za Valentino katika duka kubwa la Isetan, mtaa wa Shinjuku, Tokyo. Inasimuliwa kwamba kwa siku tatu mauzo yote yalikuwa yeni 170. Miaka ilipopita, desturi ilikua na kugeuka tofauti na ya Ulaya: kule Japani wanawake ndio wanaowapa wanaume. Kuna chokoleti ya moyo kwa mpenzi, chokoleti ya wajibu kwa wafanyakazi wenzake na bosi, na chokoleti ya marafiki. Wanaume hulipa fadhila Machi 14, siku iliyobuniwa na watengenezaji wa vitamutamu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 1964 kampuni ya Lotte ilitoa bapa la chokoleti lenye karatasi nyekundu na kuliita Ghana, kwa sababu sehemu kubwa ya kakao inayoingia Japani hutoka huko. Watoto wa Kijapani wamekua wakisoma jina la nchi hiyo ya Afrika kwenye chokoleti yao.

Hatua iliyoifanya chokoleti ya Japani kuwa ya Kijapani kweli ni ladha. Biskuti ya Kit Kat, iliyozaliwa Uingereza, imetolewa Japani kwa ladha zaidi ya 300, na ile ya chai ya kijani, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo iliyovuma kuliko nyingine. Wanafunzi hupewa Kit Kat kabla ya mitihani kwa sababu jina lake linakaribiana na maneno ya Kijapani yenye maana ya "hakika utashinda."

Ladha zenyewe na ndugu zake wa huku

Ladha ya kwanza ni matcha. Hii ni chai ya kijani iliyosagwa kwa jiwe mpaka ikawa laini kama poda ya mtoto. Wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, michai hufunikwa ili isipate jua kali. Kivuli hicho huyafanya majani yawe ya kijani kilichokolea na kupunguza ukali wake. Mji wa Uji, karibu na Kyoto, una jina kubwa kwa chai hii.

Matcha huenda na chokoleti nyeupe. Chokoleti nyeusi ina uchungu wake, na chai ina wake; zikikutana hugombana. Chokoleti nyeupe, ambayo ni siagi ya kakao, maziwa na sukari tu, ni tamu kupita kiasi ikiwa peke yake. Uchungu wa chai huikata hiyo sukari, na rangi yake ya kijani huonekana vizuri. Chai ya kijani ya Kenya au Rwanda ikisagwa na kuchekechwa mara mbili itatoa harufu ya chai, ila rangi itakuwa hafifu na uchungu utazidi, hivyo itiwe kidogo.

Ya pili ni kinako. Jina ni geni, lakini kitu chenyewe kimo katika majiko mengi ya Afrika Mashariki: ni unga wa soya iliyokaangwa. Akina mama huuchanganya katika uji wa lishe wa watoto. Ukiwa umekaangwa vizuri hunukia kama karanga, na ukinyunyizwa juu ya chokoleti nyeusi huleta ladha ya kukaangwa inayoshikana na ya kakao. Sharti ni moja: soya ikaangwe mpaka iwe ya kahawia kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina ladha mbaya na huleta shida tumboni.

Ya tatu ni ufuta, ambao Uganda na sehemu za Kenya huitwa simsim. Wajapani huupenda ule mweusi kwa harufu yake nzito na kwa jinsi unavyoonekana juu ya chokoleti nyeupe. Hapa pana uhusiano wa kweli kati ya pande hizi mbili: Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wakubwa. Ufuta wa Lindi na Mtwara, ambao kwa kawaida ni mweupe, hupanda meli, na sehemu kubwa ya ufuta unaoingia Japani hukamuliwa mafuta ya kupikia. Mweupe nao unafaa kwa chokoleti, hasa nyeusi, mradi ukaangwe kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka uanze kurukaruka.

Ya nne ni yuzu, tunda la jamii ya limau linalolimwa zaidi mkoa wa Kochi, katika kisiwa cha Shikoku. Ganda lake lina harufu iliyo kati ya limau na chenza. Asiyekuwa na yuzu aparuze ganda la limau na la chenza kwa kiasi sawa, achukue sehemu ya nje tu na kuacha ile nyeupe iliyo chungu, kisha alikaushe kabisa. Maji ya tunda hayatakiwi, kwa sababu itakayoelezwa mbele.

Mwisho ni tangawizi na chumvi. Tangawizi iliyochemshwa kwenye sukari na kukaushwa, ikikatwa vipande vidogo, huchoma ulimi taratibu chini ya utamu. Chumvi ya bahari yenye punje nene, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, huifanya chokoleti ionekane tamu zaidi bila kuongeza sukari.

Namna ya kutengeneza

Kazi inaanzia dukani, kwenye kusoma karatasi. Vitu vingi vinavyouzwa kama chokoleti ya kupikia havina siagi ya kakao. Vimewekwa mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea badala yake. Hivyo huyeyuka na kuganda bila masharti, na anayejifunza anaweza kuanza navyo. Ila huacha utando wa mafuta kinywani, na ladha ya kakao huwa ya mbali. Anayetaka gome lenye kung'aa na kukatika kwa mlio atafute chokoleti iliyoandikwa siagi ya kakao.

Kwa gome moja jeusi: gramu 200 za chokoleti nyeusi, vijiko viwili vya chakula vya ufuta uliokaangwa, kijiko kimoja cha unga wa soya iliyokaangwa, vijiko viwili vya tangawizi ya sukari iliyokatwakatwa na chumvi kidogo. Kwa gome jeupe: gramu 200 za chokoleti nyeupe, kijiko kimoja na nusu cha chai cha matcha, kijiko kimoja cha chakula cha ufuta mweusi na kijiko kimoja cha chai cha ganda kavu la limau na chenza.

Tandaza karatasi ya kuokea juu ya trei na uweke viungo vyote karibu, kwa kuwa chokoleti haimsubiri mtu. Katakata chokoleti vipande vidogo vinavyolingana. Gawa mafungu matatu. Weka mawili kwenye bakuli kavu la chuma au la kioo lisilopasuka kwa joto, moja libaki pembeni.

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, kisha epua. Kalisha bakuli juu ya sufuria bila kitako chake kugusa maji. Mvuke peke yake unatosha. Anayetumia jiko la mkaa aisogeze sufuria mbali kabisa na moto, kwani mkaa hauna kitufe cha kupunguza. Koroga taratibu mpaka chokoleti iyeyuke yote. Mwenye kipima joto alenge nyuzijoto 45 hadi 50 kwa nyeusi, na 40 hadi 45 kwa nyeupe.

Toa bakuli, lifute maji chini, kisha tia lile fungu lililobaki kidogo kidogo huku ukikoroga. Hapa ndipo penye ufundi. Siagi ya kakao inapoganda inaweza kujipanga kwa namna sita, na ni moja tu kati yake inayoipa chokoleti mng'ao, ugumu na ule mlio wa kukatika. Vipande vilivyokuwa havijayeyuka vina mpangilio huo tayari, navyo huifundisha ile iliyoyeyuka namna ya kujipanga. Endelea kukoroga mpaka ifike nyuzijoto 31 au 32 kwa nyeusi, 28 au 29 kwa nyeupe. Asiye na kipima joto aguse tone kwenye mdomo wa chini. Likihisi ubaridi kidogo kuliko mdomo wenyewe, chokoleti iko tayari.

Kabla ya kumwaga, jaribu. Chovya ncha ya kisu na uiache mahali penye ubaridi dakika tano. Ikiganda na kung'aa, endelea. Ikibaki laini au ikiwa na michirizi, endelea kukoroga na kuipoza kisha ujaribu tena.

Kwa gome jeupe, chekecha matcha ndani ya chokoleti iliyoyeyuka na uikoroge mpaka mabonge yaishe. Mwaga kwenye karatasi, tandaza kwa mgongo wa kijiko mpaka upate mraba wa sentimita 20 kwa 20, unene wa kama milimita nne. Gongesha trei mezani mara mbili ili mapovu yatoke. Nyunyiza viungo mara moja, vile vizito kwanza, chumvi na unga wa soya mwisho. Ukichelewa, uso utakuwa umeshaganda na kila kitu kitabanduka wakati wa kuvunja.

Maadui wawili

Adui wa kwanza ni maji. Tone moja likiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, sukari na unga wa kakao hushikana, na chokoleti yote hugeuka bonge gumu kama udongo. Ndiyo maana maji ya limau hayatiwi, na miso au mchuzi wa soya, ingawa Wajapani huvitumia kwenye vitamutamu vingine, havifai kuchanganywa hivi hivi katika gome. Chokoleti iliyopatwa na mkasa huo isitupwe: ikiongezewa maziwa ya moto inakuwa kinywaji kizuri.

Adui wa pili ni joto la hali ya hewa. Chokoleti nzuri huanza kulainika kabla ya nyuzijoto 34, na Bujumbura, Mombasa au Dar es Salaam mchana zinakaribia hapo. Kabale, Bukavu na Kigali zina nafuu. Kwenye miji ya joto, kazi ifanywe alfajiri au usiku. Gome likae kwenye friji dakika kumi hadi kumi na tano ligande, kisha litolewe. Likilala humo bila kufunikwa, unyevu utalitia utando mweupe wa sukari. Na chokoleti iliyoyeyuka ikaganda yenyewe hutoa utando mweupe wa mafuta. Utando huo haudhuru, ila hupunguza uzuri na utamu. Gome kavu lililofungwa vizuri ndani ya kopo, mahali pa ubaridi, hukaa wiki mbili bila tabu. Lenye unga wa soya liliwe mapema, kwani unga huo hupoteza harufu.

Ulimi wa mkulima

Bundibugyo ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao Uganda. Ng'ambo ya mto Semliki, Beni na Ituri nchini Kongo, kakao imekuwa tegemeo la familia nyingi, pamoja na vita vilivyowafukuza wakulima mashambani mara kwa mara. Kyela, kusini mwa Tanzania, huuza kakao yake kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Mwaka 2024, baada ya mavuno mabaya ya Ghana na Ivory Coast, bei ya kakao katika soko la dunia ilizidi dola 10,000 kwa tani, kisha ikashuka tena. Mkulima aliona bei ikipanda na kushuka bila yeye kuwa na la kusema.

Gramu 200 za chokoleti jikoni haziwezi kubadili bei hiyo. Lakini zinaweza kumpa mkulima jambo moja analokosa, nalo ni kuijua ladha ya anachokiuza. Mbegu za kakao huvundikwa siku tano hadi saba kabla ya kuanikwa, na hapo ndipo harufu ya chokoleti inapoanza kujengeka. Zisipovundikwa vizuri, chokoleti yake hukauka kinywani na kuwa na ukakasi. Zikikaushwa kwa moto wa kuni, huonja moshi, na hakuna mtambo unaouondoa. Mnunuzi anayekata mbegu kwa kisu na kutingisha kichwa anayajua hayo. Mkulima aliyekwisha onja chokoleti nyeusi nzuri, akaitofautisha na mbaya, ana la kujibu mbele ya mizani. Tena ana sababu ya kujiuliza mara mbili kabla ya kuuza kakao ikiwa bado mbichi ili tu apate fedha ya haraka.

Kuitoa chokoleti kwenye mbegu ni safari nyingine. Mbegu hukaangwa, hupetwa maganda na kusagwa pamoja na sukari kwa saa nyingi, mpaka chembe zake ziwe ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi. Kinu cha nyumbani hakifiki huko. Kinatoa chokoleti ya kukwaruza, inayofaa zaidi kwa kinywaji. Lakini viwanda vidogo vimeanza kuonekana katika ukanda huu. Mutwanga, katika teritwari ya Beni chini ya milima ya Ruwenzori, kipo kimoja kinachotumia kakao ya wakulima wa jirani na umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga.

Viwanda kama hivyo vitahitaji wateja wa karibu, na mteja huanzia kwenye mazoea ya jikoni. Ndivyo ilivyokuwa Japani. Wasichana walioyeyusha chokoleti jikoni kwa mama zao walisaidia kuizoesha nchi kuipenda yenye ladha ya chai, soya na ufuta. Ukanda huu una chai, una soya, una ufuta, una tangawizi, na una kile ambacho Japani huagiza kutoka ng'ambo ya bahari.

Februari ijayo, msichana wa Osaka atanyunyiza ufuta juu ya chokoleti na kuivunja vipande. Huenda ufuta ule umetoka Lindi, na hatajua. Mvunaji wa Lindi naye hatajua kwamba ufuta wake uliishia juu ya chokoleti, mpaka siku atakapokaanga kiganja kimoja na kukinyunyizia gome lake mwenyewe.